Mlango Uliotazama Chini

Koplo alikuwa na hakika kwamba maiti imo ukutani, na tangu walipoteremka garini hakuacha kulisema jambo hilo.

"Afande, ukuta mpya ndani ya nyumba kuukuu. Mwenye nyumba haonekani. Unataka nini tena, tarumbeta lipigwe?"

"Nataka unyamaze kidogo," alisema Inspekta.

Kazini walimwita Kobe, usoni na kisogoni, naye hakujali. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, halafu alikuwa na tabia ya kukizunguka kitu mara mbili kabla hajakigusa. Vijana wa kituoni walimcheka kwa hilo, kisha wakija kukwama humtafuta yeye.

Nyumba yenyewe ilikaa mahali pa ajabu. Huku ilikuwa Juu: lami, mageti ya chuma, michongoma iliyonyolewa kama vichwa vya wanajeshi. Kule ilikuwa Chini: mabati, kamba za nguo, redio kila dirisha. Wakazi wa Juu walipojenga ukuta wa kujitenga, nyumba hii ilikuwepo zamani, hivyo ukuta ukaja ukagota kwenye pembe yake moja na kuendelea kwenye pembe ya pili. Ikabaki humo kama jino kwenye ufizi. Uso mmoja Juu, uso mmoja Chini.

Mwenye nyumba alikuwa mzee fundi wa saa. Binti yake, mpishi wa melini, alikuwa amerudi siku chache zilizopita na kukuta mapazia mageni madirishani na mwanamke asiyemjua akimwambia, "Nimenunua kwa baba yako. Tulikaa naye hapa hapa." Baba mwenyewe simu haishiki, ndugu hawajui, na dalali aliyeuza alikamatwa stendi akiwa na begi na tiketi. Dalali alikiri kitu kimoja tu: mzee aliyeonyeshwa kwa mnunuzi hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa muuza kofia wa sokoni aliyelipwa kukaa kitini na kuitikia. Mwenye nyumba wa kweli yuko wapi? Dalali alikuwa ameapa kwa kila kiapo kwamba hajui, na kwamba ufunguo alipewa na "watu".

Binti alikuwa amesimama uani, mikono kifuani. Alikataa kuingia.

"Kwa mlango huo siingii. Baba hakuutumia hata siku moja. Alisema mlango wa Juu ni wa kupitishia jeneza."

"Usitangulie mbele ya gari, mama," Kobe alimwambia kwa upole, kisha akainama akakitazama kitasa. Kilikuwa cha zamani, kizito, cheusi. Hakikuwa na mkwaruzo. Hakuna aliyekichokonoa, hakuna aliyekivunja. Alipapasa tundu la ufunguo kwa kidole, akakinusa. Mafuta mapya.

Aliyenunua nyumba alikuwa muuguzi, na mtaani kote aliitwa Sista. Aliwafungulia akiwa bado na sare ya zamu ya usiku, macho mekundu, nywele zimebanwa. Sebule ilikuwa safi na yenye giza. Taa iliwaka ingawa jua lilikwisha chomoza. Katikati kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono mipana, na mbele yake, ukutani, plasta nyeupe ambayo rangi yake haikulingana na kitu chochote mle ndani.

"Simulia," alisema Kobe.

"Nimeshasimulia kituoni, afande."

"Mimi ni mzito wa kuelewa. Nisaidie."

Sista akashusha pumzi. "Dalali alinileta. Mzee alikuwa ameketi hapo, na kofia yake. Nilikuja na afisa mikopo wa ushirika wetu wa hospitali, maana ushirika hautoi mkopo mpaka uone mwenye nyumba na kumuuliza jirani. Tukamuuliza jirani. Akasema, naam, ndiye. Sasa mimi ningefanya nini zaidi, nimpime damu?"

"Jirani yupi?"

"Yule wa geti jeusi."

"Wa Juu."

"Nyumba ni ya Juu, afande. Ushirika haukopeshi nyumba za Chini."

"Na huu ukuta?"

"Niliukuta. Siku ya kwanza kutia mguu humu ulikuwepo tayari, plasta mbichi. Dalali alisema upande ule una wezi." Aliutazama kwa kinyongo. "Mimi wala sikuupenda. Umeitia nyumba giza. Jua la asubuhi lilikuwa linafika mpaka pale kwenye kiti. Sasa mtu unakunywa chai umewasha taa kama uko mgodini."

"Pole," alisema Kobe.

Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya bibi kizee. "Wamekuja kutuhamisha?"

"Hapana, mama. Wanauliza tu."

"Waambie mimi nimehama vya kutosha. Nimefukuzwa na wenye nyumba mpaka masufuria yangu yanajua njia. Safari hii nikihama, nahamia kaburini."

Sista aliuma mdomo. Koplo akatazama viatu vyake. Hata yeye alimwonea huruma.

Nje, Kobe alimtuma Koplo akatafute nyundo na tindo, naye akavuka barabara mpaka geti jeusi.

Jirani alikuwa meneja mstaafu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata akiwa anamwagilia maua. Alimkaribisha barazani, akaagiza maji baridi, akaeleza kwamba yeye ni mtu wa kushirikiana na vyombo vya dola. Kobe alikunywa maji yote kwanza.

"Ulimtambuaje mzee, baba?"

"Ni jirani yangu! Miaka na miaka."

"Ana kovu usoni?"

Mstaafu akauinua tena mpira wake wa maji.

"Ana ndevu?"

"Afande..."

"Mrefu? Mfupi? Binti yake yuko pale uani, nitamuuliza kama umepatia."

Yule bwana akaweka chini mpira wa maji. Ulimmwagikia viatuni, asiuone. "Kofia," alisema mwishowe. "Nilikuwa naiona kofia ikipita juu ya ukuta. Kofia ya mirabamiraba. Basi walipokuja, yule Sista na afisa wake na karatasi zao, nikaona kofia ni ile ile. Ningesema nini mbele ya wageni? Kwamba mtu amekaa pua na mdomo na mimi na sura yake siijui?"

"Na aliyekuchagua wewe uulizwe, ni afisa?"

"Hapana, Sista. Afisa alitaka kwenda na upande wa pili, Sista akamwambia kule hakuna haja, hawatakuwa majirani zake."

Kobe aliaga. Alirudi polepole, akilichezea jambo hilo kichwani. Mtu anaponunua nyumba mpakani huwauliza majirani anaowataka, hawaulizi alionao. Ni majivuno tu, si kosa la jinai. Wangefungwa wangapi? Lakini jambo lilimkaa rohoni kama punje ya mchanga kwenye ugali, ukishaiuma huisahau.

Koplo alikuwa amevua shati. Alipiga nyundo ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa nguvu, na kuanzia ya tatu kama mtu anayelipa kisasi. Kitambaa cha pua alikuwa ameshakifunga. Binti alisogea mpaka dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, wala hakupepesa. Sista alisimama pembeni na kikombe chake, vumbi likimtua begani.

Tofali la kwanza likaanguka. Likafuata la pili, yakafuata mengi. Nyuma ya matofali kulikuwa na mlango wa mbao, wa kijani, uliochubuka.

Mlango tu.

Koplo akaingiza kichwa, akamulika kushoto, kulia, chini. Akavua kitambaa akiwa na uso wa mtu aliyealikwa karamuni akafika watu wanaosugua masufuria. "Hamna kitu, afande."

"Ashukuriwe Mungu. Ulitaka kiwepo?"

"Hapana, lakini..."

Kobe alipita juu ya kifusi, akausukuma ule mlango kwa kiganja. Ulikuwa unafungukia nje. Ukaenda inchi moja, ukakwama, na upande wa pili chuma kikagonga chuma. Akausukuma tena. Kle! Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kufuli. Limefungwa kwa nje."

"Kwa hiyo?"

"Anayefunga mlango kwa nje, Koplo, ametoka kwa miguu yake. Na anayefunga kwa kufuli ana nia ya kurudi."

Dirishani, binti wa fundi saa akaachia nondo, akaketi chini kwenye majani, akafunika uso kwa viganja. Ndipo kila mtu akajua alikuwa amebeba nini tangu asubuhi.

Kuufikia mlango ule kwa upande wa pili haikuwa kazi ndogo. Ukuta ulikuwa na vioo juu, na ulikwenda mpaka barabara kuu ndipo ukaisha. Iliwabidi waufuate wote, wavuke, waingie Chini, kisha wautembee tena kwa kurudi. Koplo alilalamika njia nzima.

"Lakini askari waliotutangulia hapa walisema wamekagua pande zote."

"Waliusogelea ukuta wakaugonga, basi. Mwendo huu wote, nani angekuja?"

Walipofika, Kobe hakuutazama mlango kwanza. Alitazama kizingiti. Mbele ya kila nyumba upepo ulikuwa umeleta mifuko na majani. Mbele ya mlango wa kijani pamefagiwa, tena leo, michirizi ya ufagio bado inaonekana. Kufuli lilining'inia, limepata kutu kidogo.

Hatua chache kutoka hapo, chini ya turubai, mama mnene alikuwa akipiga pasi ya mkaa. Aliwaona askari, akaendelea na kola aliyokuwa akiinyoosha.

"Habari za kazi, mama."

"Ipo. Nguo za watu hazijipigi pasi zenyewe."

"Nani anafagia hapa mlangoni?"

"Kuna sheria imekataza?"

"Haipo."

"Basi ni mimi. Mwenyewe akirudi asikute taka za watu."

"Una hakika atarudi?"

Mama Pasi akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye uzi. "Sasa huu ameniachia wa nini? Nijipambie?"

Koplo akacheka, mama akamkata jicho, kicheko kikaisha.

Alieleza huku akipiga pasi. Mzee alishikwa na kifua. Alifunga mlango mwenyewe, akamkabidhi ufunguo wa kufuli. Ule mwingine, wa mlango wa Juu, akautia mfukoni mwa koti. Alisema hauna kazi, ila hapendi ulale ndani ya nyumba tupu. Akaenda zake hospitali kwa miguu.

"Nilikwenda kumwona. Nikamkuta anacheka! Mimi nimekwenda na machozi yangu tayari, yeye anacheka. Ana muuguzi mmoja anamlea kama baba yake, anamsikiliza hadithi zake za nyumba na saa mpaka zamu inakwisha. Akaniambia, mama, nimepata binti wa pili. Nilipokwenda tena nikaambiwa amehamishwa. Wapi? Wakaniuliza wewe ni nani wake. Nikasema jirani. Wakaniambia jirani si ndugu."

"Hukuja polisi?"

Mama Pasi akamtazama kama anavyotazama shati lililoungua. "Afande, huku kwetu mmefika leo."

Kobe akakubali kwa kichwa. Lilikuwa lake, akalipokea. "Na kelele za mafundi ndani?"

"Nilijua binti yake katuma watu wamtengenezee. Nikafurahi."

"Mzee alikuwa akifanyia kazi wapi?"

"Humo ndani, mlango wazi, kitini kwake. Saa zina vidude vidogo kama macho ya sisimizi. Jua likimfikia ndipo anaanza, likimwondokea anafunga. Haya, chukua ufunguo, lakini nikuone unafungua wewe, si huyu anayecheka."

Kufuli lilibisha, kisha likalegea. Kobe akauvuta mlango wa kijani.

Jua liliingia kabla yake. Lilipita kwenye matofali yaliyovunjika, likakata sakafu kama kitambaa kilichotandazwa, likapanda miguu ya kiti na kutulia pale mtu angeweka viganja vyake. Vumbi la plasta lilicheza ndani yake. Ng'ambo ya sebule Sista alikuwa bado amesimama na kikombe, ameachwa gizani.

Kobe alisimama pale mlangoni, goti likimuuma. Kisha akavua kofia.

"Sista. Siku ya kwanza ulipotia mguu humu, ukuta huu ulikuwepo."

"Nimeshasema."

"Plasta mbichi."

"Ndiyo."

"Basi nani alikuambia kwamba jua la asubuhi linafika mpaka kwenye kiti?"

Sista alifungua kinywa. "Dalali."

"Dalali aliingia kwa mlango wa Juu, na huu ulikuwa na kufuli. Kufuli lina kutu, ufunguo ulikuwa shingoni mwa mama huyu. Dalali hajawahi kuliona jua humu, kama wewe. Waliolijua ni mzee mwenyewe na watu wa Chini, na wa Chini ulikataa waulizwe." Alisema polepole, bila kuinua sauti, kama mtu anayepanga vyombo. "Mlango wa Juu haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo wake. Ufunguo ule uliingia hospitali mfukoni mwa koti. Sista, koti la mgonjwa hutunzwa na nani?"

Sista alikiweka kikombe chini sakafuni.

Binti aliyekataa mlango wa Juu alikuwa amezunguka mwendo wote ule nyuma yao. Sasa alipita kati ya askari na Mama Pasi, akakanyaga kifusi, akaingia nyumbani kwao kwa mlango wa nyumbani kwao.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Mzima," alisema Sista haraka. "Wallahi mzima. Siwezi mimi kumdhuru mzee yule."

"Nimekuuliza wapi."

"Nyumba ya kutunzia wazee. Ile ya karibu na mnara wa maji. Nimemwandikisha kama baba yangu." Machozi yalimtoka bila sauti. "Kila siku alinisimulia nyumba hii. Mlango, jua, kiti. Mimi narudi chumbani mama yangu anakohoa, mwenye nyumba anabisha hodi kutufukuza. Alisema binti yake ameolewa na bahari, harudi tena. Nikaona hakuna mtu. Hakuna aliyekuwa anakuja."

"Mimi nilikuja!" Mama Pasi alipiga kelele kutoka nje. "Mkanifichia!"

"Nilimwambia dalali maneno tu, kama mtu anavyosema ndoto yake. Yeye akasema inawezekana, kama mlango ukitazama Juu. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma." Alijifuta kwa mkono wa sare. "Lakini kila jioni nakwenda. Namwogesha, nambadilisha shuka. Ananiuliza habari za nyumba, namwambia ipo, nimeifagia, nakulindia mpaka upone."

"Na kifua?" aliuliza Kobe.

"Nini?"

"Kifua chake kitapona lini?"

Sista akatazama sakafu, pale mstari wa jua ulipokaribia ncha ya kiatu chake. Akarudisha mguu nyuma.

"Kilishapona zamani."

Kutoka chumba cha pili: "Mwanangu? Mbona kimya? Wanatuhamisha?"

Koplo alifunga shati lake, akakosea vifungo. Kobe alimwomba Mama Pasi akae na bibi kizee kidogo. Mama Pasi alitukana kidogo, akaitua pasi yake, akaingia kukaa naye.

Kwenye nyumba ya wazee, mzee fundi saa alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa vizuri, kofia ya mirabamiraba magotini. Kwanza alimwona Sista.

"Umekuja mapema leo, binti yangu."

Kisha akamwona aliye nyuma yake. Alinyoosha mikono, na mpishi wa melini, mwanamke mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, akapiga magoti na kuweka uso wake katikati ya viganja vile. Walikaa hivyo. Kobe alitazama dirishani. Pingu zilikuwa mfukoni, zimechukua joto la mwili wake.

Mzee alipopata sauti, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hakupenda watu wakae bila kufahamiana, alimvuta Sista kwa ncha ya sare.

"Huyu ni mwenzio," alimwambia binti yake. "Usingemkuta huyu, usingenikuta mimi. Ndiye anayenilindia nyumba."

Binti akainua uso. Kobe aliuona mdomo wake ukifunguka, akasubiri. Lakini alimtazama baba yake jinsi alivyokuwa akitabasamu, akaufunga.

"Haya niambie," mzee alimwambia Sista, swali lake la kila jioni. "Jua je? Bado linafika kwenye kiti?"

Sista alimtazama Inspekta, kana kwamba anaomba ruhusa. Kobe hakumpa wala hakumnyima.

"Leo limefika, baba," alisema.